Umeme Uliokuwa Unapotea Usiku

Mbinga, jioni ya kuamkia safari yako

Otmari mwanangu,

Nguo zako nimezikunja, unga wa kuanzia uko kwenye mfuko wa chini, na mambo ya kuoga, kula na kwenda kanisani tumeshaambizana mpaka umechoka, nimeona. Hayo sitayarudia. Umekwenda kuwaaga wenzako, baba yako bado yuko njiani na gari la kahawa, na mimi nimepata nafasi ya kukaa mezani bila mtu wa kuniuliza chumvi iko wapi.

Kesho unakwenda Makambako kujifunza umeme wa magari kwa fundi ambaye mimi simfahamu. Atakufundisha kwa njia yake, nawe umfuate. Mimi nataka nikueleze jambo moja lililotokea kabla hujazaliwa. Sehemu yake unaijua, maana baba yako hupenda kuwaambia wageni kwamba alimpata mke wake ndani ya redio ya gari, na watu wanacheka. Ni kweli, ila haikuwa ya kuchekesha siku ile.

Unajua kwamba kazi hii nilijifunza kwa mjomba wako Kastori. Huenda hujui ilianzaje. Mimi nilikuwa nauza vitumbua mbele ya kibanda chake, pale karibu na soko. Asubuhi vikiisha nilikuwa naingia ndani kukaa tu, kwa sababu ya baridi, maana ndani kulikuwa na jiko la kupashia moto chuma cha kuungia waya kwa risasi. Nilikuwa namwangalia. Ikafika wakati macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kwanza alikuwa anasogea mlangoni kwenye mwanga. Baadaye akawa ananiita, "Gaude, hebu niambie, huu waya rangi gani?" Namwambia. Baadaye tena akawa ananiambia niushike mimi, niuunge mimi, yeye anasimama nyuma yangu anauliza maswali. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Yeye alikuwa anajua na mimi nilikuwa naona. Wateja walikuwa wanamwita yeye fundi na mimi dada wa vitumbua, hata mikono yangu ilipokuwa imeshajaa alama za kuungua.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoanza kuachiwa watu binafsi. Kabla ya hapo gari la mtu binafsi huku lilikuwa jambo la kuhesabika, na lililokuwepo lilikosa tairi au lilikosa betri. Ghafla pikapu zilizotumika zikaanza kuja, na redio za kaseti, na spika, na amplifaya za kukuza sauti, za kuweka chini ya kiti. Mwenye gari lisilo na muziki akawa haheshimiki. Vitu vingi vilikuwa vimetumika huko vilikotoka, vimekatwa kutoka gari moja na kuuzwa kwa jingine, na waya zake zimefungwafungwa utepe na watu tusiowajua.

Mzee Ndomba wa Liuli alikuwa mmoja wa hao wenye pikapu. Alikuwa anapandisha dagaa na samaki wakavu wa ziwani waitwao mbasa kuleta Mbinga, na kuteremsha mahindi na maharage. Abiria walikuwa wanakaa juu ya mizigo. Alituletea redio na amplifaya tumfungie, tukamfungia. Kaka akauliza rangi, mimi nikataja, yeye akasema, "Unga." Tulipowasha, watu walisimama sokoni kusikiliza. Mzee Ndomba alicheka mpaka meno ya ndani yakaonekana.

Baada ya muda gari likarudi. Dereva alikuwa kijana mrefu, mpole, jina lake Egno. Baba yako huyo. Alisema redio inakatikakatika barabarani, na tena betri inalala: wakikaa Mbinga kusubiri mzigo, asubuhi ya kuondoka gari haliwaki mpaka lisukumwe.

Nilichungulia nikakuta kishikio cha fyuzi ya redio kimelegea na kimeshika kutu. Nilifurahi, kwa sababu nilikipata haraka na kaka alikuwa anasikiliza. Nikakisafisha, nikakibana, redio ikaimba bila kukatika hata tulipotikisa dashibodi. Nikamwambia Egno, "Limepona. Mwambie Mzee gari ni zima."

Kosa langu lilikuwa hapo. Gari lilikuja na malalamiko mawili, mimi nikaponya moja na kulisemea la pili. Nimelifanya kosa hilo mara nyingine nyingi baadaye, na si kwenye magari tu. Wakati ulipokuwa huli, ulipokuwa darasa la tano, nilikuta una minyoo, nikakupa dawa, nikasema sasa atakula. Ilichukua muda kujua kwamba shuleni kulikuwa na mtu anakupiga. Minyoo ilikuwepo kweli, lakini haikuwa inakuzuia kula.

Basi. Wakati huohuo shemeji yake Mzee Ndomba, mjane wa kaka yake mkubwa, akafariki kule Liuli. Ndugu waliokuwa Mbinga na Kigonsera wakakusanyika waende kuzika. Gari la Mzee lilikuwa hapa sokoni, na yeye mwenyewe alikuwa amepanda nalo. Wakapanga kuondoka alfajiri. Alfajiri ilipofika gari likakataa kabisa. Walilisukuma kutoka soko mpaka karibu na kanisa, wanaume na wanawake waliovaa kanga za msiba, halikutoa hata mlio. Mpaka walipopata betri ya kuazima, jua lilikuwa limeshapanda. Barabara ya kuteremka ziwani unaijua. Walifika kaburi limeshafukiwa. Mzee Ndomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa kusimamia udongo wa shemeji yake, na hakuwepo.

Alirudi Mbinga baada ya matanga. Alikuja moja kwa moja kwenye kibanda, Egno nyuma yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Fundi," alimwambia kaka, "wewe ulisema gari langu ni zima?"

"Dada ndiye aliyeliangalia," kaka akajibu. "Alisema ni zima."

Mzee akanigeukia. "Ulisema?"

"Nilisema, Mzee."

Akamgeukia Egno. "Umesikia. Gari ni zima, betri ni nzima. Likilala Liuli nyumbani kwangu, asubuhi linawaka. Likilala Mbinga, ambako unalala nalo peke yako, haliwaki. Usiku mzima unapiga muziki na wanawake wako, kwa betri yangu, na mimi nimekosa kuzika. Lete ufunguo."

Egno alitoa ufunguo. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, na mmoja akatoa maneno ambayo sitayaandika. "Mzee," Egno alisema, "usiku mimi nalala juu ya magunia ya dagaa nisiibiwe. Redio siigusi."

"Basi umeme umenywewa na pepo," Mzee akasema, na watu wakacheka.

Halafu Egno akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Dada, ulisema limepona. Ulipima nini?"

Otmari, niseme kweli. Sikuwa nimepima kitu. Nilikuwa nimesikia redio inaimba, basi. Na neno langu ndilo lililokuwa limemfukuza mtu kazi, kwa sababu Mzee Ndomba hakuwa mjinga. Alihesabu vizuri kwa kile alichoambiwa. Ukimwambia mtu gari ni zima, anayebaki wa kulaumiwa ni dereva.

Nikamwomba Mzee aliache gari kwetu lilale. Alikubali kwa sababu hakuwa na dereva wa kulirudisha. Egno akaondoka kwenda kwa ndugu yake upande wa juu wa mji, na begi lake mkononi.

Watu walipotawanyika kaka aliniambia, "Unajisumbua. Kijana amelala na redio." Nikamuuliza, "Mbona Liuli linawaka?" Akasema, "Ndiyo hiyo. Kule Mzee anamwona." Jibu lilikuwa zuri na sikuweza kulipinga. Lakini nilikuwa nimewahi kwenda Liuli, nikakumbuka nyumba ya Mzee Ndomba ilivyokaa. Iko juu, kwenye mteremko. Dereva yeyote pale analiachia gari literemke lenyewe, anatia gia, linawaka. Nani atajua kama stata ingeweza? Tena kule gari lilikuwa linalala usiku mmoja na kuondoka. Hapa lilikuwa linakaa siku mbili tatu kwenye tambarare ya soko bila kuwashwa. Nilimweleza kaka. Aliendelea kuchokonoa jiko lake. Nilijua hakupenda.

Asubuhi nilitangulia. Ulikuwa mwezi wa saba, unajua baridi ya Mbinga ya mwezi wa saba, mlango wa gari ulikuwa na umande na chuma kilikuwa kinauma vidole. Nilijipenyeza chini ya kiti nikatafuta waya kwa mkono. Mkono ukagusa amplifaya, nikauvuta haraka, kisha nikaurudisha.

Ilikuwa na joto. Si la kuunguza. Joto la sufuria iliyoepuliwa kitambo kidogo. Gari lilikuwa limezimwa tangu jana, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, redio ilikuwa imezimwa, na kitu kile kilikuwa na joto peke yake kwenye gari zima lenye baridi.

Nilichofanya baada ya hapo utafundishwa vizuri zaidi huko uendako. Nilifungua waya wa athi, ule wa upande wa hasi, kwenye betri, nikaweka taa ndogo ya kupimia katikati ya waya na betri. Kila kitu kikiwa kimezimwa, taa ile haitakiwi kuwaka. Iliwaka. Nikachomoa fyuzi ya taa za mbele, ikaendelea kuwaka. Nikachomoa ya honi, ikaendelea. Nikachomoa ya amplifaya, ikazimika. Nikairudisha, ikawaka. Amplifaya ilikuwa haisinzii. Usiku kucha ilikuwa macho ikisubiri muziki ambao haukuletwa, na kwa kuwa haikutoa sauti hakuna aliyejua.

Nikafuata waya mwembamba, ule wa kuiamsha, unaotoka kwenye redio. Rangi yake bluu, kama inavyotakiwa. Redio ikiwashwa, waya huo unapata umeme na kuiamsha amplifaya. Redio ikizimwa, umeme unakatika. Huu haukukatika. Nikabandua utepe ambao tuliukuta kwenye redio tangu ilipoletwa. Ndani ya utepe, waya wa bluu ulikuwa umeungwa na waya wa njano, ule ambao una umeme wakati wote kwa ajili ya saa ya redio. Mtu fulani, nchi fulani, alikosa waya wa njano akatumia kipande cha bluu, akafunga, akaendelea na maisha yake. Kaka aliuliza rangi, nikasema bluu. Sikudanganya, na yeye hakukosea kusema unga. Lakini hakuna kati yetu aliyeuliza kama bluu ile ina umeme redio ikiwa imezimwa.

Nilikaa ndani ya gari muda bila kwenda kumwita kaka. Nikwambie nilichowaza, maana si kizuri. Niliwaza kwamba naweza kuuhamisha waya ule, nikafunga utepe, na gari likapona, na hakuna ambaye angejua. Macho ya kaka yalikuwa yameshaanza kusemwa sokoni. Wateja walikuwa wameanza kuuliza kama ni yeye anayefunga au ni mimi. Kibanda kile kilikuwa kinatulisha sisi na mama yetu kule Ukata. Na Egno nilikuwa simjui, alikuwa dereva tu wa watu wa ziwani, angepata gari lingine.

Kaka akafika na fimbo yake kabla sijaamua. Akasikia nilivyomwamkia, akauliza, "Umekuta nini?"

Nikamwambia yote.

Akasema, "Nipeleke." Nikamshika mkono nikamwingiza mpaka kwenye kiti, akainama, akaipapasa amplifaya kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Kisha akataka waya. Nikamwekea vidoleni, akausogeza kidogokidogo mpaka akafika kwenye kiungo.

"Kiungo hiki," akasema, "zamani ningekiona."

"Kaka, hata mimi sikukiona. Kilikuwa ndani ya utepe."

"Zamani ningebandua utepe." Akauachia waya. "Yule kijana alikuuliza ulipima nini. Angeniuliza mimi, ningemjibu nini?"

Nilidhani anaulizia jibu la kusema kwa Mzee. Lakini alisimama akafuta mikono, akaniambia nimtume mtu akamwite Egno, na mwingine Mzee Ndomba alikofikia. Mzee ndiye aliyekuja kwanza. Kaka akampa kiti.

"Haya fundi, nieleze."

"Sisemi mpaka kijana awepo," kaka akasema. "Jana alisemwa akiwepo."

Mzee hakuzoea kungojeshwa, lakini alingoja. Egno akaja, akatuamkia wote, shikamoo Mzee, shikamoo fundi, akasimama nje ya mlango. Kaka akamwambia aingie. Watu wa jana nao walikuwa wameshaanza kusogea, na kaka akawaacha wasogee. Ndipo akasema, kwa sauti yake ileile ya kawaida, kwamba amplifaya ilikuwa inanyonya betri usiku kucha, kwamba waya uliungwa mahali pasipo pake, kwamba walioufunga ni yeye na dada yake, na kwamba dereva hana kosa lolote. Akasema pia kwamba macho yake hayaoni vizuri, na kuanzia siku ile kila mteja atamwambia hivyo kabla hajamfungia kitu. Hili la mwisho hatukuwa tumelizungumza.

Mzee Ndomba alitaka kuona. Nikamwonyesha taa inavyowaka na kuzimika. Aliitazama muda mrefu, akaniambia niichomoe fyuzi tena na tena. Nadhani alikuwa anafikiria lile kaburi.

"Kwa hiyo nimemwonea mtoto wa watu," akasema mwisho. Akachukua ufunguo mkononi mwangu akamnyooshea Egno.

Egno hakuupokea. "Mzee, nashukuru," alisema. "Nitakuteremshia gari mpaka Liuli leo, maana huna dereva. Lakini kazi sirudi."

"Kwa nini? Si nimeshajua?"

"Umejua kwa sababu taa imewaka, Mzee. Isingewaka je?"

Alimteremshia gari kama alivyosema, akarudi Mbinga kwa miguu na kwa magari ya watu. Akapata kazi kwa mnunuzi wa kahawa. Wateja wetu walipungua, si kidogo. Baadhi walirudi walipoona kwamba kila gari likiletwa, kabla ya kusikiliza muziki, naweka ile taa kwenye betri. Wengine hawakurudi mpaka leo, na hukutana nami kanisani tukasalimiana vizuri. Kaka aliendelea kukaa nyuma yangu akiuliza maswali mpaka alipokwenda kupasuliwa jicho, na baada ya hapo akachagua kulima Kigonsera. Watu hudhani aliacha kazi kwa aibu. Si kweli. Aliniambia amechoka moshi wa risasi.

Baba yako alikuja kibandani siku moja akiwa na gari la kahawa lisilo na tatizo lolote. Akasema amekuja kushukuru. Nikamwambia asinishukuru, maana nusura nifunge utepe. Nilimweleza yale niliyoyawaza ndani ya gari asubuhi ile. Sijui kwa nini nilimweleza. Alifikiri kidogo akasema, "Lakini ulibandua." Nikasema, "Nilibandua kabla ya kuwaza, ningewaza kwanza nisingebandua." Akacheka, akauliza kama vitumbua bado vipo. Havikuwepo. Akarudi kesho yake mapema zaidi.

Haya, sasa unajua kwa nini baba yako hanunui redio ya gari na kwa nini mimi sisemi neno "zima" hata kwa sufuria. Sikuandikii ili uwe kama mjomba wako. Sijui kama mimi mwenyewe ningesema aliyoyasema, kama angeniachia niseme mimi. Nakuandikia kwa sababu huko utapewa kazi haraka, utasifiwa ukizimaliza haraka, na siku moja atakuja mtu mwenye malalamiko mawili. Na kutakuwa na dereva amesimama nyuma.

Usiku unaingia na nasikia mbwa wa jirani wanabweka barabarani, huenda ndiye baba yako. Hajui kwamba nimeandika, na hakuna ubaya ukimwonyesha.

Kuhusu kutuletea habari: magari yote ya kahawa yanayotoka huku yanasimama Makambako, na madereva wake wote wanamjua baba yako. Ukiugua, ukigombana na bosi, ukipata mchumba, tutaambiwa kabla ya wiki kuisha. Lakini ya watu yatakuwa ya watu. Mpe dereva karatasi yako mwenyewe, hata yenye mistari miwili, hata ikiwa ni ya kusema mambo si mazuri.

Mama yako,
Gaudensia